Kwa Mama Eugénie, Uliyepanda Gari Mchana Kweupe

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu kinu chako kilipopumzika. Ulituaga Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka juu ya Nakivale na mlango wako ukiwa wazi, kama ulivyotaka. Hukutaka kufia hospitali. Ulisema watu wa Mbarara umeshawapa damu ya kutosha, roho utaitolea kwenu. Na "kwenu", wewe mwanamke wa Fizi, ulimaanisha nyumba hii ya matope ambayo miaka kumi na miwili ulikuwa hukubali kuiita kitu kingine ila kambi.

Ninayeandika ni mimi, Nathalie, binti yako mkubwa, kwa niaba ya wote. Baba alijaribu kuandika mwenyewe. Alikaa na kalamu tangu chai mpaka chakula cha mchana, akatoa mstari mmoja: "Alikuwa bibi muzuri." Tukamwambia, Baba, hilo linafaa hata kwa bibi wa jirani. Akacheka, akanisukumia daftari. Basi nitayasema kama yalivyokuwa, na mengi yatamhusu yeye, kwa sababu ya kwako uliyajua mwenyewe. Ya kwake ndiyo hukuyaona yote.

Kwanza tukushukuru kwa sombe, yale majani yako ya muhogo. Nani hapa mtaani kwetu Base Camp hakula sombe yako? Ulitwanga kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mkono wa kuume, pigo moja zito na moja jepesi, mpaka Warundi wa upande wa pili wa barabara wakaacha kununua saa. Hukuuza mfuko hata mmoja bila kuongeza kiganja cha matabishi, cha bure, juu yake. Tulikulaumu kwamba unagawa faida yote. Ukajibu kwamba mteja anayeondoka anatabasamu hata mvua haimzuii kurudi.

Na tukushukuru kwa maneno yako makali yenye sukari. Wewe ndiye uliyempa Baba jina la Monsieur Dakika, Bwana Dakika. Watu wengine wanaweza kudhani ulikuwa unamdharau mzee wa kanisa. Hawakukuona ukimpigia pasi shati lake la Jumapili.

Jina lenyewe lilimfaa, tusidanganyane. Miaka tisa Baba Kalume alikuwa mratibu wa shuhuda katika kanisa letu. Aliandika majina kwenye karatasi, akakaa mbele na saa mkononi, na mtu akianza kuzunguka zunguka alisikika mpaka nje: "Fupi, ndugu, fupi! Tuachie Neno la Mungu fasi!" Sheria yake nyingine ilikuwa hii: aliyepona asije mikono mitupu. Alete kuku, alete kikapu cha maharage, alete alichonacho. Akishakileta, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Limekwisha, limefungwa. Baba hakutaka mtu aweke mguu mmoja kwa waliopona na mwingine kwa wanaoumwa.

Kisha ukaja ule uvimbe wa titi la kuume, mwisho wa mwaka 2022. Mbarara wakasema ni kansa, wakasema dawa ya mshipa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Baba hakulala kwa mawazo, lakini hakuanguka. Alikuwa na imani kama ya mtu aliyeona chakula kikipikwa, anangoja kupakuliwa tu. Alikusindikiza mara zote tatu za mwanzo, mkalala Ruharo, hapo hapo Mbarara, kwa Jamidah, yule mama Mwislamu muuza uji aliyewapa chumba cha uani baada ya kuwaona mmekaa kwenye ngazi za duka na begi.

Usiku wa dawa ya kwanza ulitapika mpaka ukabaki kama nguo iliyokamuliwa. Baba akasimama katikati ya chumba akaomba kwa sauti ya kuvunja ukuta. Jamidah akabisha.

"Mzee, ssebo, omba polepole. Mama nataka lala. Mungu iko nasikia hata kama wewe hapana piga kelele."

Baba aliona haya. Lakini wewe, katika kutapika kwako, ulicheka. Uliniambia hicho ndicho kicheko cha kwanza baada ya kuambiwa kansa, na kwamba umemwombea Jamidah kwa ajili ya kicheko hicho.

Baada ya dawa ya tatu uvimbe ukapotea. Wewe ulitafuta, Baba akatafuta, vidole havikukuta kitu. Na hapo ndipo Monsieur Dakika alipovunja sheria zake zote. Jumapili moja ya Februari hakuandika jina lake kwenye karatasi. Alisimama tu, jogoo mwekundu kwapani, saa ameiacha mfukoni.

"Bibi yangu amepona!" alisema. "Ile kitu haiko tena! Nilitafuta na vidole yangu mwenyewe, haiko!"

Alisema karibu nusu saa. Nani angemwambia fupi? Kanisa lilisimama, turubai la paa likatikisika kwa vigelegele, jogoo akapelekwa kwa mchungaji Ezira, na jina lako likafutwa. Mdogo wangu Grâce alikuwa kando yako kwenye benchi la kwaya. Anasema ulikuwa unaangalia mikono yako.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wewe hata kovu hukuwa nalo bado. Alhamisi ya dawa ya nne ilipofika, Baba alichukua jembe, wewe ukachukua kinu, na gari la Mbarara likaondoka bila ninyi. Akina mama wa kanisa walipita kukupongeza. "Dawa ya nini tena? Mutu ametoka kaburini, atarudi kutafuta nini mule?" Niseme ukweli, Mama, mimi pia nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Jioni ile Jamidah alipiga simu. "Mzee, mama iko wapi? Mimi nafagia chumba."

"Amepona, dada. Mungu ametenda."

"Daktari nasema amepona?"

"Mungu amesema."

"Sawa, ssebo. Mimi nafunga mlango tu. Kitanda hapana toa."

Baba alikasirika. Alikata simu akasema huyu mama ana moyo mzuri ila imani hana. Mwaka huu ndio ameniambia kwamba neno lile la kitanda lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwamba alikuwa akienda shambani mapema kuliko kawaida ili asibaki peke yake na wewe.

Wiki zikapita. Jumamosi moja Baba alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza mpini wa jembe, nawe mbele ukitwanga. Halafu mtwango ukabadilika. Pigo zito likawa jepesi, pigo jepesi likapotea. Alinyanyua kichwa akasikiliza. Miaka ishirini na saba amelala na kuamka kwa mtwango huo, hakuhitaji kuuliza mtu. Alizunguka nyumba akakukuta umeshika mchi kwa mkono wa kushoto, na wa kuume umeubana ubavuni.

"Mama Nathalie, mukono ya kuume iko na nini?"

"Imechoka tu."

"Tangu lini mukono yako inachoka?"

Ukauegemeza mchi ukutani. "Imerudi, Baba Nathalie. Iko wiki mbili sasa. Imerudi na bandugu zake, hapa kwa kwapa."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Ulisema mbele ya batu bote. Na jogoo ulileta. Ningerudi Mbarara, bangesema Kalume alidanganya mbele ya Mungu. Sikutaka bakucheke."

Baba alikaa chini, pale pale kwenye majani ya muhogo. Bibi yake alikuwa anakufa polepole na kwa adabu, ili yeye asiaibike Jumapili. Alilia, Mama. Wewe ulimwona, sisi hatukumwona, ndiyo maana naandika hapa ili watoto wako wote wajue.

Lakini kilio si ujasiri, na Baba mwenyewe ndiye anayesema hivyo. Alipofuta macho, la kwanza lililomtoka lilikuwa hila: mwondoke kesho kukipambazuka, kabla ya watu kuamka, na akiulizwa mtu aseme mmekwenda Ngarama kutafuta mbegu za maharage. Ukamtazama.

"Hapana. Nimeficha wiki mbili, nimeshiba kuficha. Nitapanda gari muchana, batu banaona. Na weye utabaambia kwanza. Kama hautabaambia, mimi siendi."

Alijua unasema kweli. Mwanamke aliyevuka ziwa Tanganyika na watoto watatu hatishi mtu bure. Kila siku ambayo Baba angechelewa kusema, ile kitu ingezidi kukua kwapani. Alipanda baiskeli mchana ule ule mpaka kwa mchungaji.

Ezira alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema, ila aliogopa. "Mzee Kalume, ushuhuda hairudi nyuma. Maji imemwagika. Banyonge batasema nini, bale banangoja kupona? Na jogoo, mzee... jogoo tulishamula."

"Jogoo abaki kwa tumbo zenu," Baba akasema. "Mimi nitarudisha maneno yangu tu."

Jumapili aliandika jina lake kwenye karatasi, la kwanza, akavaa saa. Aliposimama watu walianza kupiga makofi wakidhani amekuja na muujiza mwingine. Akangoja wanyamaze.

"Bandugu, nilisema hapa bibi yangu amepona. Sikutaka kudanganya. Lakini nilitangulia. Dawa ilikuwa inafanya kazi, mimi nikaikataza, nikaita ile imani. Nilimutangulia Mungu. Bibi anarudi Mbarara kesho muchana. Muandike tena jina yake."

Alikaa. Dakika moja, haikuzidi. Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja nyuma alinong'ona kwamba hii ni mashaka, na mashaka ni dhambi. Mchungaji alikuwa anajifuta uso na leso, anajifuta tena. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

Basi wewe ukasimama kwenye benchi la kwaya. "Kama munataka kuombea kitu," ulisema, "muombee mishipa. Sindano inatafuta mushipa mara ine, mara tano, na inauma sana. Muombee mishipa ifunguke."

Watu walitazamana. Kisha mama mmoja akaanza kucheka, cheko la machozi, na mchungaji Ezira akanyoosha mikono akasema, "Tuombe basi. Tuombee mishipa ya Mama Eugénie." Na kanisa zima likaombea mishipa. Mpaka leo, Mama, mtu wetu akilazwa hospitali, ombi la kwanza ni mishipa. Umetuachia hilo.

Jumatatu saa sita ulipanda gari Base Camp, umevaa kitenge chekundu, mchana kweupe. Wanakwaya walikuja kukuaga, si wote, walikuja saba. Baba alibeba begi lako begani na hakuangalia chini. Mlipopita Masha ulimwonyesha ng'ombe wa pembe ndefu ukasema wale wanatembea kama wazee wa kanisa, na hapo akajua umemsamehe, au umeanza. Kule Ruharo, Jamidah alifungua mlango wa uani bila swali. Kitanda kilikuwa pale pale, shuka mpya.

Walikubadilishia dawa, mkaanza upya. Muuguzi aliingiza sindano mara moja tu. "Nyabo, leo mshipa nafungua mlango yenyewe," alisema, nawe ukamwambia kuna watu mia mbili Nakivale wanasukuma huo mlango. Baba akawa anaomba polepole. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kiganja chako mkononi, midomo ikicheza, sauti hakuna. Alikuambia zamani aliomba kama anamwita mtu wa mbali. Siku zile, anasema, aliomba kama mtu anayeongea na aliyekaa kiti cha pili.

Tulipata miezi kumi na minne nawe. Ulivuna maharage misimu miwili, wa tatu ulipanda tukavuna bila wewe. Grâce aliolewa na Emery ukiwa umekaa mstari wa mbele na kilemba kilichomzidi bibi harusi, mpaka Emery akauliza kwa utani amwoe yupi. Ulimfundisha Gradi kupika ugali, mtoto wa kiume, na majirani wakasema utamharibu. Anapika vizuri kuliko mimi.

Kisha kansa ikaingia kwenye ini, na daktari akasema sasa watakutuliza maumivu. Baba alimfuata nje. Alimwuliza swali ambalo amelibeba mpaka leo: ile dawa ya nne tuliyoiacha, tungeichukua, bibi yangu angepona? Daktari alisema hakuna anayejua. Angeweza kupona, angeweza asipone. Baba alitamani hata atukanwe. Jibu lile halikumpa pa kukaa.

Wiki yako ya mwisho alikuambia wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa nakupaka mafuta miguuni, nilisikia.

"Mama Nathalie, ni mimi nilikuua. Na mudomo yangu."

Ulikuwa huna nguvu hata ya kugeuka. Lakini Monsieur Dakika hukumwacha aseme mara ya pili. "Acha kujipa kazi ya Mungu. Mimi pia nilikuwa na miguu, Baba Nathalie. Ningetaka kwenda ile Alhamisi, ningeenda. Nilikaa sababu ya kukupenda, na nilirudi sababu ya kukupenda. Hapo uko unalia ya nini?"

Alilia tu. Nawe ukaniambia niendelee na mafuta.

Tukupe habari za mwaka huu. Msibani walisema walivyosema: imani ilipungua, mzee alirudisha muujiza mlangoni kwa Mungu, ndiyo maana. Baba hakujibu mtu. Alikabidhi saa na karatasi kwa Aimable, mwana wa Ezira, akahamia benchi la nyuma. Hakuacha kanisa, aliacha kusimama. Kila Jumapili akiulizwa nani ana ushuhuda, aliangalia viatu vyake. Tuliogopa, Mama. Tulidhani tumewazika wawili.

Jumapili iliyopita tulikuja kanisani na maua ya kukukumbuka. Baba alichelewa. Aimable akauliza, nani ana neno la shukrani? Mlango ukafunguliwa, na mzee wako akaingia na jogoo mwekundu kwapani.

Mchungaji akamwuliza taratibu, "Mzee, hii ni ushuhuda ya nini?"

"Ni ya mutu mwenye hakupona," Baba akasema. "Jogoo ya kwanza nilileta nikasema Mungu amemaliza. Sasa sijui Mungu anafanya nini, na simutangulii. Ninajua tu hii: bibi yangu alikuwa na miguu. Alirudi Mbarara na miguu yake, muchana, mukiwa munaona, na tulipewa miezi kumi na ine. Namushukuru Mungu juu ya ile miezi. Na nangoja kumuona tena, sababu ile ahadi haiko ya kwangu, ni ya Yesu mwenyewe. Nimemaliza."

Aimable akamwambia bado ana dakika, aendelee. Baba akatikisa kichwa. "Fupi, kijana, fupi. Tuachie Neno la Mungu fasi."

Tulicheka na kulia pamoja, na akina mama wakaimba. Jogoo huyo hajaliwa. Yuko uani kwa mchungaji, anawaamsha watu. Ezira anasema safari hii atangoja kidogo, asitangulie.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo Kalume. Watoto wako Nathalie, Grâce na Gradi. Mkwe wako Emery. Dada yako Gaudiose aliyeko Fizi. Jamidah wa Ruharo, ambaye bado anafagia chumba cha uani na kukiita cha Mama Eugénie. Na kanisa lako lote, wale saba na wale wengine.

Kinu chako anacho Grâce sasa. Anakuja kutwanga hapa hapa nyumbani, kwa mkono wa kuume, kama wewe, na akichoka anaupumzisha, anashika mchi kwa wa kushoto. Kila akibadilisha mkono, nyuma ya nyumba Baba anaacha jembe na kunyanyua kichwa. Anasikiliza mpaka mkono wa kuume urudi. Hivyo ndivyo tutakavyokukumbuka, Mama, siku zetu zote, mpaka tuonane.